Kabla Hujaniuliza Mashine ya HP Ngapi

"Shikamoo mzee. Nataka boti ya kuvulia wikiendi, ninunue mashine ya HP ngapi?" Swali hilo la HP, yaani nguvu za farasi za mashine, halinikauki tangu nirudi Kigoma, na mara nyingi linakuja na picha iliyopigwa dukani Dar es Salaam: mashine mpya inang'aa, pembeni yake fimbo ya kuvulia nene kama mpini wa jembe. Naitikia marahaba, halafu na mimi nauliza: ubao wa tezi ya boti yako, ule wa nyuma unaobeba mashine, una kimo gani? Hapo mazungumzo hukatika. Mtu ameshatenga mamilioni, lakini futi kamba hajaishika.

Pima kwanza. Anzia juu ya ubao pale mashine itakaponing'inia, shuka wima hadi chini ya boti. Ukipata kama inchi 15, unahitaji mashine ya mguu mfupi. Ukipata kama inchi 20, mguu mrefu. Boti nyingi za mbao zinazochongwa hapa kwetu zina tezi ya juu, na mwenye haraka hununua mguu mfupi kwa sababu ndio aliokutana nao kwa bei nzuri. Matokeo yake propela inakaa karibu na uso wa maji, inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Ukikosea upande wa pili, mguu mrefu kwenye ubao mfupi, unaburuza chuma majini bure na utagonga mawe ukikaribia ufukweni. Kipimo rahisi: lile bapa lililo juu ya propela likae sambamba na chini ya boti, au lishuke inchi moja hivi. Hilo likishakaa sawa ndipo tuongee nguvu.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, lakini miaka yangu ya ujana imeishia Dar nikiuza na kufunga vifaa vya watu wanaovua baharini kwa starehe. Wengine walitafuta nguru na kolekole kwenye miamba ya karibu, wenye boti kubwa wakifuata jodari na sulisuli hadi kisiwa cha Latham na mkondo wa Pemba. Kwa watu hao adui namba moja ni chumvi. Rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo, inagharimu pesa nyingi kwa sababu imezibwa kila mahali maji yasiingie, na vyuma vyake ni vya kutoshika kutu. Wakirudi pwani, mashine inasafishwa kwa maji baridi, yale yasiyo na chumvi, dakika kumi au kumi na tano kabla ya kitu kingine chochote, maana chumvi ikikaukia kwenye njia za maji ndani ya injini inajenga ukoko, na ukoko unaziba. Ratiba nayo inapangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Ukichelewa, boti inalala kwenye matope.

Ziwa Tanganyika halina chumvi hiyo wala halipwi na kujaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya kifaa cha baharini ni ulinzi dhidi ya kitu ambacho hapa hakipo. Simaanishi kifaa cha baharini hakifai. Kinafaa, na kama umeshakuwa nacho tumia. Ila kama unanunua upya ukiwa Kigoma, rili ya bei ya kati ukiikinga na mchanga na usipoiacha juani kutwa itakutumikia vizuri, na pesa iliyobaki ina kazi nyingi za maana za kufanya.

Kuna jambo moja ambapo kifaa cha baharini kinaleta madhara hasa, na wengi halijawahi kuwapitia akilini. Shemeji yangu alinunua mashine iliyotumika iliyotoka pwani. Akanionyesha kile kipande cha madini kilichofungwa chini ya bapa, anodi, akiwa na furaha: "Angalia shemeji, hakijaliwa hata kidogo, mashine imetunzwa." Nikachukua kisu nikakikwangua. Juu palikuwa na ukoko wa kijivu mgumu, kisu kinateleza. Ilikuwa anodi ya zinki. Zinki inafanya kazi yake kwenye maji chumvi, inaliwa yenyewe ili mwili wa mashine usiliwe. Kwenye maji baridi inajifunika ukoko na kuacha kufanya kazi, na hapo kinachoanza kuliwa ni nyumba ya gia, ambayo ni alumini na bei yake unaijua. Anodi isiyoliwa kabisa si habari njema. Kwa maji baridi tupu inayopendekezwa ni ya magnesiamu, lakini hiyo ikipelekwa baharini inaisha haraka sana. Boti na mashine za hapa zinauzwa na kuhama, leo Kibirizi hapa Kigoma, kesho Bagamoyo, kwa hiyo mimi nafunga ya alumini, inayofanya kazi kwenye maji ya aina zote mbili. Na usiipake rangi, jamani. Nimeona watu wanapaka rangi mguu mzima upendeze, anodi nayo ndani.

Sasa nguvu. Bahari iko kwenye mita sifuri, ziwa letu liko kwenye mita 773 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na injini ya kawaida inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: mashine ya 40 huku inasukuma kama ya 37. Si hasara ya kumliza mtu, ila inatosha kuibadilisha boti tabia.

Bwana mmoja, mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Dar, alikuja na boti yake ya faiba na mashine ya 40. Msasani ilikuwa inainuka juu ya maji na watu wanne ndani. Hapa Kigoma, pale Bangwe, ikawa inapandisha omo tu, yaani pua ya boti, na kubaki hivyo, inalima maji. Alishaambiwa kabureta mbovu, kisha ringi zimekwisha, na alikuwa tayari kuifumua mashine. Nikamwomba tufunge kipima mizunguko, kile kidogo kinachozungushiwa waya wa plagi, tukatoka. Mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, mashine ilikuwa inazunguka 4,300 kwa dakika. Kitabu chake kinataka kati ya 4,500 na 5,500. Ilikuwa nzima kabisa, imelemewa tu.

Tiba yake ilikuwa propela. Ukiitazama propela karibu na kitovu chake utaona namba zimegongwa: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni mwendo, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu. Yake ilikuwa na mwendo wa 13. Kila inchi moja unayopunguza inaongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Tukaweka ya 11, mashine ikavuka 4,600, boti ikainuka. Kasi ya mwisho haikuwa ya kujivunia, lakini mashine haikuwa inateseka tena. Na mateso hayo si ya kupuuza: injini inayolemewa muda mrefu inachemka na kujaza makaa kwenye plagi na pistoni. Ukifumua ringi wakati tatizo ni propela, utafunga ringi mpya na tatizo litakusubiri palepale majini. Siku hizi nikisikia mtu wa pwani anakuja na boti, namwambia aje na propela mbili.

Kuhusu HP zenyewe, maoni yangu ni haya, na mafundi wenzangu wengine hawakubaliani nami. Kwa boti ya mbao ya mita sita hivi, watu wawili au watatu wanaokokota chambo taratibu, mashine ya 15 inatosha. Kwa boti ya faiba ya ukubwa huo inayotakiwa kuinuka juu ya maji na watu wanne, chukua 40. Boti ya kiwandani ina kibao kinachotaja HP ya juu kabisa inayoruhusiwa. Usikivuke kibao hicho hata kama mashine ya 60 umeipata kwa bei ya kutupa. Uzito wa ziada kwenye tezi unaingiza maji ndani wimbi likija nyuma, na ziwa hili lina mawimbi ya nyuma.

Injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli, au ya minne? Baharini kule nilikokuwa, wenye uwezo wamehamia mipigo minne, na wana haki: haili mafuta sana, haina moshi, na ukikokota chambo kwa mwendo mdogo unasikia hata mtu anayenong'ona kwenye omo. Lakini ni nzito. Mashine ya 15 ya mipigo miwili unaibeba begani peke yako, ina kilo 36 hivi. Ya mipigo minne ya nguvu hiyohiyo inavuka 50, utatafuta msaidizi kila jioni. Pia inataka kumwagwa oili kwa ratiba, karibu kila saa 100. Kubwa zaidi ni spea. Kabla hujalipa, zunguka Mwanga na Kibirizi uulize vitu vitatu vya mashine unayoitaka: impela ya pampu ya maji, plagi na kitovu cha mpira cha propela. Zile za mipigo miwili za Yamaha wanazotumia wavuvi wa dagaa, vitu hivyo utavipata, na fundi anaifungua amefumba macho. Ukileta mashine ya kisasa yenye kompyuta, jiandae kusubiri kifurushi kutoka Dar huku msimu ukipita.

Kwa mashine ya kuchanganya oili, kiwango cha kawaida ni moja kwa hamsini: lita 20 za petroli, mililita 400 za oili. Ikiwa mpya, saa kumi za mwanzo nyingi zinataka mara mbili ya hapo, mililita 800. Tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki ya mipigo miwili imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, na ndani yake mna viungo vinavyoacha majivu. Mashine ya boti inapozwa na maji ya ziwa na inafanya kazi kwa nguvu kubwa saa nzima bila kupumzika, majivu hayo yanaganda. Vijana wa mwaloni watakwambia wanatumia hiyohiyo na mashine haijafa. Waulize wamebadilisha pistoni mara ngapi.

Na petroli ya madumu ichuje. Chujio linalotenganisha maji, lile la kikombe, ni kitu cha kwanza ninachofunga hata kwenye mashine ndogo. Ukiona maji yamekaa chini ya kikombe asubuhi, umeokoa safari. Ukishawasha, tazama nyuma: mashine inayokojoa mkondo wa maji wenye nguvu iko salama, ikianza kudondosha tu, zima. Impela imechoka, au mchanga wa ufukweni umeziba kitundu.

Nimechelewa kufika kwenye ndoano, nayo ndiyo starehe yenyewe.

Mwenye fimbo ya baharini anakuja na silaha za kupigana na sulisuli: rili yenye mita 600 za mshipi, waya mbele ya ndoano kwa ajili ya meno ya nguru. Hapa ziwani kina kinafika mita 1,470, na mtu akisikia namba hiyo anadhani mshipi mrefu ndio dawa. Hewa ya kupumulia samaki inaishia juu, kati ya mita 100 na 200 kutegemea ni kaskazini au kusini mwa ziwa. Chini ya hapo hakuna samaki wa kumtafuta. Rili ya ukubwa wa namba 4000 au 5000, yenye mita 200 au 250 za mshipi wa kusuka wa paundi 20 hadi 30, inamaliza kazi. Usisahau kuzungusha kwanza mizunguko michache ya nailoni kwenye rili kabla ya mshipi wa kusuka, la sivyo mshipi wote unazunguka juu ya chuma samaki akivuta, na utafikiri breki ya rili imeharibika.

Waya uache Dar. Maji yetu ni maangavu mno, siku ya utulivu unaona jiwe mita nyingi chini, na samaki naye anaona. Mgebuka na sangala, samaki tunaowatafuta hapa ziwani, hawana meno ya kukata kama nguru. Sangala ana mdomo unaokwaruza, na hatari yake halisi iko kwenye mashavu: mfupa wa kifuniko cha matamvua una makali. Shika sangala aliye hai, ingiza kidole pale ukiwa na haraka, utaelewa kwa nini uzi mwembamba unakatika amefika kwenye ubavu wa boti. Uzi wa mbele wa nailoni au fluorokaboni wa paundi 40 hadi 60, urefu wa mita moja na nusu, unamtosha. Kwa migebuka shuka hadi paundi 20 au chini yake, utaona tofauti.

Breki ya rili watu huikaza kwa kubahatisha. Mimi naazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mtu mmoja ashike mizani, wewe vuta kwa fimbo iliyopinda hadi rili ianze kutoa mshipi, soma namba. Mshipi wa paundi 30 unabeba kama kilo 13.6, basi breki iachie kwenye robo ya hapo, kilo tatu na nusu hivi. Wengi tukipima wanakuta wamekaza hadi kilo nane, halafu wanalaumu mshipi wa Kichina.

Chambo bandia kinachofanya kazi ni kile kinachofanana na dagaa, kwa sababu mgebuka na sangala wanafuata dagaa. Vijiko vyembamba vya fedha, vyuma vya kudondosha na kuchezesha, samaki bandia wa kuzama mita tano au sita ukimkokota taratibu. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkono wamekuwa na jibu lao tangu zamani, ndoano nyingi kwenye mshipi mmoja, kila moja imefungwa manyoya au nyuzi zinazong'aa, na wakati mwingine wanamwacha mwenye fimbo ya bei mbaya akishangaa. Mimi natoa ndoano za matawi matatu kwenye chambo na kuweka moja moja kubwa. Samaki anatoka kirahisi, kidole kinapona, na kuhe anarudi majini mzima.

Kuhe ana kesi yake. Ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wake mpana wa samaki unaojumuisha sato na ngege, anapigana vizuri kuliko kilo zake, na anazaa kwenye mchanga wa maji mafupi na kulinda watoto dume na jike pamoja. Ukimpata mmoja kwenye mchanga na mwenzake anazunguka pale chini, mrudishe. Ukimla na mawese ni mtamu, sikatai, lakini lile kundi la watoto litaliwa lote kabla hujafika nyumbani.

Usiku taa za wavuvi wa dagaa zinawavuta dagaa, na dagaa wanawavuta wakubwa wao. Ukitaka kuvua karibu na hapo, kaa mbali na nyavu, zima mashine, na uombe ruhusa kwa sauti kabla hujakaribia: "Wazee, tunaweza kukaa upande huu?" Propela iliyonasa kwenye wavu wa mtu inakugharimu propela, wavu, na heshima yako mwaloni. Maji ya hifadhi za Gombe na Mahale yana sheria zake. Leseni na usajili wa boti uliza kwa ofisa uvuvi na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla ya kuweka chombo majini.

Kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, hupiga kwa ghafla na kwa muda mrefu. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, la akiba. Hesabu mashine ya 40 ya mipigo miwili inakula lita 20 hivi kwa saa ukiifungulia yote, na ukirudi unakabili upepo itakula za kwako na za jirani. Makasia yawemo. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mashine nyingi zikakaa miezi mitatu bila kuguswa. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta ikageuka gundi. Kabla ya mapumziko kama hayo, chomoa bomba la mafuta mashine ikiwa inanguruma ndani ya pipa la maji, iache izime yenyewe, fungua plagi, dondosha oili kidogo kwenye kila silinda, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi, na usimamishe mashine wima, isilale. Waliofanya hivyo waliwasha kwa mvuto wa pili au wa tatu. Wengine walipanga foleni kwa fundi wiki nzima ya mwanzo, kila mmoja na kabureta mkononi ndani ya mfuko wa rambo.